Mimi na Bi Mwanakombo, Nani Atachomwa

Ukiugua saratani watu watakuuliza mambo mawili: kama umekula, na kama umeokoka. La kwanza unaweza kulijibu hata ukiwa na kichefuchefu. La pili ndilo lililonimaliza nguvu mimi, na ndilo nataka kulisemea hapa. Mambo ya dawa utaambiwa na daktari wako, na nywele zikinyonyoka utaziona mwenyewe kwenye mto asubuhi. Lakini hili la pili hakuna mtu aliyekaa nami akaniambia, Ndinda, jiandae, watu wanaokupenda watakuja kugombania utakwenda wapi ukifa, na wewe bado hujafa.

Tunakaa Kikoneni, kwenye shamba ambalo baba mkwe wangu alipewa zamani, alipoteremka kutoka Ukambani. Tunapanda mahindi na mihogo, na tuna mikorosho michache iliyozeeka. Mume wangu Mutua ni mtunza bustani kwenye hoteli moja Diani, huja nyumbani mwisho wa juma. Siku nyingine ni mimi, watoto, na mama mkwe, ambaye kanisani ni mtu mkubwa na sijapata kumwona akichelewa ibada. Nampenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu mbele nitasema mengine.

Uvimbe niliugundua wakati wa masika, tukipalilia. Nilikuwa nimeinama, nikapangusa jasho chini ya titi la kushoto, kidole kikagota kitu kigumu kama korosho isiyobanguliwa. Nikamaliza ngwe yangu. Nikangoja tuvune. Wewe usingoje, ukikigusa kitu hicho acha jembe pale pale uende. Msambweni walinipima wakanituma nivuke, niende hospitali kubwa Mombasa, na huko titi likakatwa. Kidonda kilipofunga nikaanza kemo.

Kabla sijaendelea, lazima nikuambie habari ya baba yangu mzazi. Hakubatizwa. Kila mhubiri aliyekuja kwake alikaribishwa, akapewa kiti na uji, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha baba akamwambia asante, mimi nitakwenda walikokwenda wazazi wangu. Alipokufa, mhubiri mmoja alisimama kando ya kaburi akasema tusipoteze machozi, huko aliko kilio chetu hakimfikii, afadhali sisi tulio hai tuukimbie moto ambao yeye amekwisha kuuingia. Nilikuwa msichana mdogo. Tangu siku hiyo nikisikia jehanamu sioni mashetani wala mikuki. Namwona baba amevaa koti lake la kahawia, anatafuta pa kukaa.

Basi mtu mwenye mzigo kama huo ndiye aliyekwenda kuketi kwenye benchi la kemo.

Benchi lenyewe ni refu, la mbao, limesuguliwa na makalio ya wagonjwa mpaka linang'aa. Kuna feni inayozunguka inapotaka na televisheni isiyo na sauti. Watu huja na chupa za chai, leso za kujifunika, na kila mmoja na kindoo chake cha kutapikia, maana ukikisahau utatapika ndani ya mkoba wako. Unangoja damu ipimwe. Unangoja majibu. Unangoja kuambiwa kama damu yako imepanda ya kutosha upewe sumu nyingine. Siku ya kwanza nilikaa pembeni nimejikunyata, na mama aliyekuwa karibu nami, mnene, buibui amelifungua kifuani kwa joto, alikuwa akila maembe mabichi kwa chumvi na pilipili kana kwamba amekuja arusini.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kifuani bila haya.

"Wewe wamekukata lipi?"

"La kushoto."

"Mimi la kulia. Haya sogea, tukikaa pamoja twatimia mtu mmoja."

Huyo ndiye Bi Mwanakombo wa Ramisi. Marehemu mumewe alikuwa akikata miwa ya kiwanda cha sukari, na alimwachia nyumba ya mabati na binti mmoja, Riziki, aliyekuwa mtu mzima tayari. Kwa kuwa siku zetu za dawa zililingana, tulianza kungojeana njiani, nikiwa na mama mkwe wangu ambaye hakukubali nisafiri peke yangu. Tukawa watatu. Wao wawili walielewana vizuri kuliko nilivyotarajia. Walizungumza habari za mafiga na muhogo na wakwe, wakanywa chai kutoka chupa moja. Lakini tukishaachana na Bi Mwanakombo pale Ramisi, mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa na kusema, mwanamke mzuri hivi, ni hasara tu. Alisema kama mtu aliyeona chakula kizuri kinamwagwa.

Sikumbishia. Ndivyo nilivyofunzwa mimi pia.

Mwili wangu ulibadilika upesi. Nywele zilikwenda kwanza, kisha nyusi, nikawa na uso wa yai. Kucha zikawa nyeusi. Jikoni sikuweza kuingia kwa sababu kitunguu kikikaangwa nilitapika hata nikiwa sina kitu tumboni. Mtoto wangu mdogo alikataa kulala nami, akasema nanuka hospitali, na alikuwa akisema kweli. Mutua aliacha kunigusa. Alidhani ataniumiza, nami nilidhani anaona kinyaa, na hatukuambizana hilo kwa muda mrefu sana.

Kilichonishinda zaidi ni mdomo. Ulitoka vidonda ndani kote, ulimi ukavimba, ikawa hata mate yanachoma. Nilikuwa na kiu na siwezi kunywa. Bi Mwanakombo ndiye aliyenionyesha la kufanya. Alitoa pamba mkobani mwake, akaichovya kwenye maji baridi, akanikamulia kidogo kidogo pembeni mwa mdomo huku akinisimulia upuuzi ili nisifikirie maumivu. Nililia kwa raha ile. Kama mdomo wako umefika hapo, jaribu pamba. Hakuna zawadi iliyoipita ile katika mwaka wote.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipozidiwa. Ilikuwa siku ya kemo, na nilitoka nyumbani na homa nikaificha, maana nilijua wakiipima watanirudisha. Tulipofika benchini nikaanza kutetemeka meno. Kisha sikumbuki vizuri. Nakumbuka mama mkwe akikimbia kutafuta muuguzi, na kichwa changu kikiwa juu ya mapaja ya Bi Mwanakombo. Nakumbuka pamba. Nakumbuka sauti yake karibu na sikio langu ikisema maneno, kisha ikisema, sema nami, mwanangu, sema nami. Nikasema. Angeniambia nihesabu mbuzi ningehesabu. Alikuwa akinivusha neno kwa neno kama mtoto anayefunzwa kusoma, nami nilifurahi kuwa na kitu cha kushika.

Mama mkwe alirudi na muuguzi akanikuta namalizia shahada.

Nililazwa. Damu ilikuwa imeshuka vibaya na nilikuwa na maradhi mengine juu ya maradhi. Nilipopata fahamu nilimwona mama mkwe amekaa miguuni pangu, hakunishika mkono. Aliniuliza kama najua nilichokisema. Nikamwambia sijui. Akanieleza, polepole, kwamba yule rafiki yangu alinisilimisha nikiwa sijitambui, na kwamba yeye alisikia kwa masikio yake mawili mimi nikimkana Bwana. Alikuwa akilia. Alisema alijua naweza kufa na alikuwa amejiandaa kwa hilo, lakini alikuwa na hakika ya kuniona tena, na sasa hata hakika hiyo imechukuliwa.

Niliporudishwa nyumbani, mchungaji alikuja na wazee wawili. Hawakuwa wakali. Waliketi sebuleni wakakataa chai. Mchungaji akataka kujua kama nilitamka kwa mdomo tu au na moyo ulikuwemo. Nikamwambia nilitamka kwa homa. Akasema anaelewa, ila waumini wamekwisha kusikia, na ingefaa nisimame mbele yao niyakane yale maneno, kwa usalama wa roho yangu. Nilikuwa siwezi kusimama hata jikoni kwangu.

Juma lilelile Riziki naye akaja, ametumwa na mamake. Alileta leso mpya, halua, na jina. Ndiyo, jina. Mamake alisema sasa mimi ni Rehema, na kwamba nikiwa mzima nitafundishwa polepole, lakini nikifa kabla ya hapo wao hawana wasiwasi nami tena. Binti wa watu aliyasema hayo kwa adabu, macho chini. Nilikasirika. Nilikuwa nimenyang'anywa titi, nywele, na kitanda changu, sasa hata jina. Kila upande ulikuwa umenipigia vigingi kama shamba lenye mgogoro. Nikamrudishia leso yake na halua yake.

Mutua alipokuja mwisho wa juma alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama mlangoni. Akasema kule hotelini mgeni akiingia huvishwa bangili ya plastiki, na asiye na bangili hapewi hata chai, hata kama anazimia kwa njaa. Akasema, "Nyinyi mnafikiri Mungu ni mlinzi wa lango."

Mama yake akamjibu bila kuinua uso. "Lango lipo, Mutua. Usicheze nalo kwa sababu unaona uchungu."

Mutua akatoka. Baadaye nilimkuta nyuma ya ghala amechuchumaa, analia kimya kimya, na kwa kuwa tulikuwa tumezoea kutoshikana nilisimama tu pale. Yeye na mama yake hawakusemezana mpaka mahindi ya vuli yalipoanza kubeba. Ugonjwa ulikuwa wangu lakini kila mtu mle ndani alikuwa akiumwa na kitu.

Nilisimama kanisani. Mutua hakuja. Mama mkwe alinishika kiwiko nisianguke, nikasema niliyoambiwa niseme, watu wakapiga makofi na kuimba. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani na kilikuwa kikiteleza. Nilitarajia nitajisikia nimerudishwa mahali. Nilijisikia nimechoka.

Kuanzia hapo kemo nilikwenda na hasira zangu. Bi Mwanakombo alikaa mwisho ule wa benchi, mimi mwisho huu. Mama mkwe alichukua chupa yake ya chai akaiweka upande wa pili. Tulisalimiana kwa kichwa. Nilimwona akipungua, buibui likimzidi, maembe yakija na kurudi hayajaguswa, na nikajilazimisha kutazama televisheni. Ilikuwa msimu wa korosho, joto kali, na kila siku ya dawa nilimkuta amebaki mdogo zaidi.

Siku moja mama mkwe hakuweza kuja, miguu ilimvimba. Bi Mwanakombo akainuka kutoka mwisho wake, akaja akishikilia ukuta, akaketi karibu nami bila kuuliza. Alikuwa akihema. Aliniambia maradhi yameingia mapafuni. Hawampi dawa tena, amekuja kuambiwa hivyo tu. Nilitaka kumwambia pole, ikanitoka hasira.

"Ulidhani nitachomwa?"

"Sikudhani. Najua. Ndivyo tulivyofunzwa." Akapumzika kidogo. "Ungeniona mimi nazama, ungengoja nikupe ruhusa?"

"Kwetu sisi, wewe ndiwe utakayechomwa."

"Najua. Mama mkweo alinambia kitambo, twanywa chai."

Nilimtazama. Alikuwa amekaza uso, kisha mdomo ukaanza kumcheza, na mimi nikashindwa. Tulicheka wanawake wawili wenye titi mojamoja mpaka muuguzi akatuambia tutulie, kuna wagonjwa. Bi Mwanakombo alicheka hadi akakohoa damu kwenye leso. Aliikunja ile leso nisiione, lakini nilikuwa nimekwisha kuiona.

Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema katika dini hana shaka, hajapata kuwa na shaka tangu akiwa mtoto mdogo chuoni akisoma Kurani, lakini kila akijaribu kunitia mimi mle motoni, moyo wake wakataa. Amejaribu. Ananiweka, kisha anakwenda kunitoa. Ndiyo maana siku ile aliponiona macho yamegeuka hakufikiria adabu wala kanisa langu. Kwao huamini kwamba mtu akikata roho hushikwa na kiu isiyo na mfano, na shetani humjia na maji akamwambia, mkane Mola wako nikunyweshe. Kwa hivyo aliye karibu humuwahi: humtilia maji mdomoni kwanza, kisha humtamkisha kalima, ndiyo shahada. Alinipa maji, alinipa kalima. Hakuwa na kingine cha kunipa.

Nikamweleza habari ya baba. Sikuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba yetu. Nilimwambia mimi tayari nina mmoja kule, amevaa koti. Alinishika mkono wenye kucha nyeusi.

Tulipoitwa kuondoka ndipo aliposema. "Riziki mwoga. Akiniona naenda atakimbia. Ikiwa ni wewe uliye karibu, usinipe maneno yenu. Nipe yangu."

Nilitazama feni. Yeye hakurudia, na sidhani alitarajia jibu.

Kemo iliisha, nikaanza mionzi, ngozi ya kifuani ikawa nyeusi na kubanduka kama ganda la kitunguu. Daktari akasema majibu yangu yanamridhisha. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, lakini kwa woga, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Bi Mwanakombo alirudishwa Ramisi na chupa ya dawa ya maumivu. Nilianza kumtembelea, mama mkwe akijua. Hakunizuia. Alinipa ndizi za kumpelekea, na siku moja akanifuata hadi kwenye ua.

Alisema hajamchukia yule mama hata siku moja. Alisema Mungu ameniacha hai kwa sababu, na labda sababu ni hii. Nikimkuta amedhoofika nimwongoze sala ya toba, fupi tu, hata kwa kufumba jicho Mungu hupokea, hata katika pumzi ya mwisho. Kisha akasema lile lililonichoma.

"Utamwacha aende aliko baba yako?"

Nataka unielewe vizuri hapa, wewe unayesoma. Mimi sikuwa mtu aliyeacha kuamini. Sikuwa Mutua na bangili zake. Niliamini, na bado siku nyingi naamini, kwamba njia ni moja. Kwa hiyo nilipokuwa nikienda Ramisi nilijua kabisa kinachonisubiri. Nikimpa Bi Mwanakombo maneno yake, nimemsukuma motoni mwenyewe. Nikimpa yangu, nimemwibia mtu anayekufa asiyeweza kuuzuia mkono wangu.

Masika ilikuwa imeingia. Nilifika siku ya Ijumaa, mvua inapiga mabati kiasi kwamba unamwona mtu anaongea na humsikii. Dawa ya maumivu ilikuwa imeisha, Riziki alikuwa amekesha na macho yamemwiva. Nikamwambia aende Msambweni akachukue chupa nyingine, mimi nitakaa. Alikwenda. Kaka yake Bi Mwanakombo na wanaume wa jirani walikuwa msikitini, wanawake wamejifungia ndani kwa mvua.

Alikuwa mdogo kama mtoto. Nilimbadilisha kitambaa, nikampanguza uso. Alinitambua, akajaribu kunitania kwa macho. Baada ya muda pumzi ikabadilika. Wengine hukuambia kifo huja kama usingizi, na wengine labda ndivyo. Kwake hakikuja hivyo. Alikuwa akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani, na kila akiifikisha juu inaanguka. Macho yalipanuka. Aliogopa. Bi Mwanakombo aliyenichekesha mimi kwenye benchi lile aliogopa, na aliogopa akinitazama mimi.

Nilitoka uani nikaita. Mvua ikameza sauti yangu. Nikarudi.

Nilijua alivyotaka alazwe, alikuwa amenionyesha. Nikamgeuza upande wa kulia, uso uelekee kibla. Alikuwa mwepesi. Nikachukua pamba, nikaichovya, nikamkamulia pembeni mwa mdomo kama alivyonifanyia. Alimeza. Nikamtilia tena. Nilikuwa nikimwomba Yesu wakati huo, nasema kweli, nilikuwa nikimwambia, ingia wewe mwenyewe mlangoni sasa hivi uifanye kazi hii, mimi siiwezi. Ile sala ya toba ilikuwa pale kwenye ulimi wangu, imeandaliwa, fupi. Midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu. Ilikuwa ikijaribu kuanza na haipati pa kuanzia.

Nikainama sikioni mwake nikasema, "Sema nami, mama."

Nikaanza kalima yake. Nilishangaa kwamba ninayo yote, nilidhani homa ilikwenda nayo. Nilisema kipande, nikangoja. Midomo ikafuata. Nilisema kingine. Ilipofika mwisho nilirudi mwanzo, na mara ya tatu au ya nne midomo haikufuata tena, lakini macho yalikuwa yametulia. Niliendelea hata baadaye. Sikujua ninafaa kukoma lini.

Riziki alirudi amelowa, chupa mkononi. Kaka mtu akaja, wanawake wakaja. Mmoja akauliza ni nani aliyemtamkisha, nikasema ni mimi. Bibi mmoja akanitazama akasema basi huyu aliyetamka ni wetu, mwingine akasema la, kwa mdomo wa asiyeamini haihesabiki, wakaanza kubishana kwa sauti ya chini huku wakitafuta sanda. Riziki aliweka chupa chini akanikumbatia. Kisha wakaniomba kwa upole nitoke, wapate kumwosha. Nilikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya nazi mpaka jeneza likapita. Walimzika siku ileile, mvua imekatika.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akinisubiri barazani. Alijua kwa kuniona tu.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akakubali?"

Nilikuwa nimelowa na nimechoka, na nilimwona uso wake, mzee yule aliyekuwa amevumilia harufu ya matapishi yangu mwaka mzima. "Alikubali," nikasema.

Aliinua mikono juu. Alilia kwa furaha, akamwita Bi Mwanakombo dada, akasema watakunywa chai tena. Sikumsahihisha siku ile, wala kesho yake. Haya anayasikia leo kama unavyoyasikia wewe. Mama, kama utasomewa, nisamehe. Sikuweza kukunyang'anya rafiki yako mara mbili.

Sasa tumekwisha kuvuna mara moja na kupanda tena. Nywele zimerudi, laini kama za mtoto mchanga. Mutua na mimi tunalala kitanda kimoja. Nakwenda kupimwa, nangoja majibu kwenye benchi lile lile, na hofu haijapungua, imezoeleka tu. Watu huniuliza kama nimetubu lile jambo. Mutua ananiambia hakuna moto, mama yake ananiambia upo, na watu wa Ramisi wananiambia upo ila wanaouingia ni wengine. Mimi siwezi kukuambia. Siku ninapoamini nilivyofunzwa, ninao wawili kule sasa, na wa pili nilimsindikiza mwenyewe.

Ukiwa mgonjwa na wanakugombania, wavumilie ukiweza. Wengi wao wanakuogopea. Na akiwepo mmoja mwenye pamba na maji, mtu huyo mshike, usimuulize anasali wapi.

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri kuhusu jehanamu. Alisema kule mtu atalilia hata tone moja la maji la kulowesha ulimi na hatalipata. Mama mkwe akanibana mkono, akinong'ona tumshukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu wa Ramisi. Nami nikambana wake. Nilikuwa nimefumba macho nikisema na baba. Nilimwambia, baba, kuna mama anakuja huko, mcheshi sana, msogezee nafasi karibu nawe. Mdomo wake una maji.